Rangi ya Kijani Si Shahada

Ipo kauli iliyoenea miongoni mwa waandishi wa programu wa zama zetu, ikasemwa kwa yakini kubwa hata hakuna tena anayeiuliza asili yake, kwamba kiolesura cha kompyuta ni mkusanyiko wa vipande vichache vinavyojirudia, yaani kitufe, kisanduku cha kuandikia, orodha, kalenda na jedwali. Kwamba busara ni kukiunda kila kipande mara moja tu, kukitia katika maktaba, kukijaribu humo kwa majaribio ya mashine mpaka taa zote ziwake kijani, kisha kukitumia popote na kwa lolote bila kukigusa tena. Wanaoishika kauli hii si wajinga, wala sikusudii kuwadhihaki, kwa kuwa mimi mwenyewe niliishika kwa miaka kadhaa, nikaihubiri kwa vijana niliowafundisha kazi, na nikalipwa mshahara kwa kuihubiri. Ninalodai katika makala haya ni kwamba nusu yake ya kwanza ni kweli iliyotiwa chumvi, na nusu yake ya pili ni ghururi tupu. Kwani kijenzi, kama kipande cha namna hiyo kinavyoitwa, hakithibitiki mikononi mwa aliyekiunda, anayekijua udhaifu wake na kukihurumia, bali huthibitika mikononi mwa mtu baki asiyemjua mtengenezaji wala hana haja ya kumjua.

Nianze na kisa kilichonitoa katika usingizi huo. Tulikuwa tumeunda maktaba ya vijenzi kwa ajili ya mfumo wa vyama vya kuweka na kukopa, na ndani yake palikuwa na kijenzi tulichokiita Kisanduku cha Nambari, ambacho tulikionea fahari kuliko vyote. Ukiandika elfu, kilitia mkato mahali pake. Ukiandika herufi, kilikataa. Ukifuta yote, kilirudi sifuri kwa adabu. Majaribio yake yalikuwa mengi, na yote yalikuwa kijani. Basi mwenzetu mmoja aliyekuwa akitengeneza fomu ya kuandikisha wanachama, kwa utiifu wa mafundisho yetu ya kutounda upya kilichokwisha kuundwa, akakichukua kisanduku hicho akakiweka mahali pa kuandikia nambari ya kitambulisho cha taifa, ambayo kwetu Tanzania ina tarakimu 20. Mikato ilimkera, akatuomba tumwekee swichi ya kuiondoa. Tukamwekea siku ile ile, tukaiandikia swichi jaribio lake, nalo likawa kijani kama wenzake.

Miezi haikupita mingi nikapelekwa katika tawi moja la chama kuwaonyesha makarani matumizi ya mfumo. Wakaja wazee wawili mapacha, ambao kwa desturi yetu nitawaita Kulwa na Doto, wamevaa kofia za namna moja, kila mmoja na kitambulisho chake mkononi. Kulwa akaandikishwa bila mushkili. Ilipofika zamu ya Doto, karani akanakili nambari, akabonyeza, akatazama skrini kwa muda, kisha akasema kwa upole, "Samahani babu, mfumo unasema umeshaandikishwa."

"Aliyeandikishwa ni huyu kaka yangu, mjukuu wangu," akajibu mzee. "Mimi ndiye Doto."

Karani akaiandika nambari mara ya pili, na ya tatu, na jibu likawa lile lile. Mzee akanigeukia mimi, maana alikuwa ameambiwa kwamba ndimi mwenye kompyuta, akaniuliza kama hiyo mashine yetu haikupata habari kwamba walizaliwa wawili.

Sababu, tulipoichimbua, ilikuwa ya kuaibisha kwa wepesi wake. Lugha ya JavaScript, ambayo vivinjari vyote huiendesha, huhifadhi nambari zake za kawaida kwa namna ambayo ikivuka 9,007,199,254,740,991, nambari yenye tarakimu 16, haiwezi tena kuitofautisha kila nambari na jirani yake. Na kwa nambari ya tarakimu 20 inayoanza na mwaka wa kuzaliwa, kama zilivyo zetu, pengo kati ya nambari moja inayohifadhika na inayofuata ni 4,096. Kila kinachoangukia ndani ya pengo hilo husukumwa upande mmoja au wa pili, na tarakimu za mwisho hugeuka sifuri. Nambari za ndugu wale wawili zilitofautiana katika tarakimu za mwisho tu. Kisanduku chetu kilizipokea zote mbili, kikazikunja zikawa moja, na hakikusema neno.

Tuliporudi ofisini tukaifungua ripoti ya majaribio tukiitafuta taksiri, na hapo ndipo nilipoanza kuitilia shaka dini yangu, kwa sababu taksiri haikuwamo. Kila jaribio lilikuwa limeuliza swali lake na kujibiwa kwa haki. Mtengenezaji wa kisanduku alikuwa akifikiri fedha, akajaribu kwa fedha. Akaandika tano, akaandika elfu tano, akaandika milioni mia tatu akidhani amefika ukomo wa mahitaji ya wanadamu. Kosa lilikuwa katika jina. Tuliona kwamba kiasi cha fedha na nambari ya kitambulisho vyote huandikwa kwa tarakimu, tukahukumu kwamba ni kitu kimoja, ilhali hakuna mtu aliyewahi kujumlisha nambari ya kitambulisho chake na ya jirani yake, wala kuigawanya nusu kwa nusu. Na lau tungalisikiliza, nambari ya simu ingalitutahadharisha mapema. Kwani ile sifuri ya mwanzo, ambayo kwa mwenye kupiga simu ni lazima, kwa kisanduku cha fedha ni takataka ya kupanguswa, na ilikuwa ikipanguswa kila siku, na makarani walikuwa wakiirudisha kwa mkono bila kulalamika kwa sababu walidhani ndivyo kompyuta zilivyo.

Wenye kauli ile hupenda kuinasibisha na wazee wa fani. Humtaja Douglas McIlroy wa Bell Labs, aliyesimama mbele ya mkutano wa Garmisch huko Ujerumani mwezi Oktoba 1968, akasikitika kwamba uandishi wa programu ungali kazi ya kila fundi kwa nafsi yake, hali viwanda vingine hununua vipande vilivyo tayari kutoka katika katalogi. Ni kweli alisema hivyo, na heshima yake haipungui. Lakini wamemsoma nusu. Alichokitaka McIlroy hakikuwa kipande kimoja kifaacho kwa wote. Alitaka jamii nzima za vipande, ambamo kazi moja, mathalani hesabu ya saini ya pembe, ingepatikana kwa namna nyingi zinazohitilafiana katika usahihi, kasi na ustahimilivu, ili mnunuzi achague iliyo sawa na haja yake na ajue alichonunua. Yaani mzee huyo alitaka duka la nguo lenye vipimo vyote. Wafuasi wake wameshona kanzu moja pana, wakatia kamba kila upande ya kukaza na kulegeza.

Kamba hizo katika kazi yetu ndizo swichi. Kitufe huzaliwa na mambo mawili, maandishi yake na tendo lake. Kisha anakuja mmoja anataka chenye picha, mwingine kisicho na mpaka, wa tatu kinachozunguka wakati wa kungoja, wa nne kinachofanana na kiungo ingawa si kiungo. Na kwa kuwa sheria imekataza kuunda kipya, kila haja hugeuka swichi katika kitufe kile kile. Swichi kumi zenye hali mbili mbili ni hali 1,024, na sijaonana bado na mtu aliyezijaribu zote. Hujaribiwa kila swichi peke yake, katika upweke ambao haitaujua tena maishani mwake.

Nisieleweke vibaya. Sisi watu wa pwani hatukungoja kompyuta ndipo tuyajue manufaa ya kipande kinachorudiwa. Nyumba za mawe za kale, kutoka Lamu hata Kilwa, ziliezekwa kwa boriti za mikoko zilizokatwa katika visiwa vya Lamu na katika delta ya Rufiji, na urefu wa boriti iliyoweza kuubeba uzito wa dari la mawe na chokaa haukuvuka kwa kawaida mita tatu. Ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo ni vyembamba na virefu, maana mjenzi aliweza kuurefusha ukumbi kadiri apendavyo kwa kuongeza boriti, lakini upana alipewa na mti. Boriti hizo zilipakiwa majahazini zikapelekwa Arabuni na nchi za Ghuba, na huko nako, mahali ambako mikoko ya namna hiyo ni adimu, vyumba vikachukua upana wa mikoko ya Rufiji. Ndiyo nguvu ya kipande kinachorudiwa: hakikai ndani ya nyumba kwa unyenyekevu, bali huitawala, na hutawala hata nyumba za watu wasiojua kilikokatwa. Anayeunda maktaba ya vijenzi anakata boriti kwa ajili ya vyumba asivyovijua. Na fundi wa zamani hakumaliza kazi kwa kuipigapiga boriti iliyolala ufukweni na kuisikiliza mlio. Aliijua kwa dari alizokwisha kuziona zikisimama, na kwa zile alizokwisha kuziona zikibonyea.

Majaribio yetu mengi ni kuipigapiga boriti ufukweni. Msomaji asiye wa fani huenda akastaajabu akiambiwa kwamba sehemu kubwa ya majaribio ya vijenzi haifanyiki katika kivinjari cha kweli, bali katika mazingira ya kuigiza, na yaliyo mashuhuri zaidi huitwa jsdom. Ndani yake kitufe huumbwa, hubonyezwa, na husifiwa, pasipo kuchorwa popote. Humo hamna rangi wala nafasi. Ukikiuliza kitufe upana wake, hujibu sifuri. Ukikiuliza kimo chake, sifuri. Ni mahali pazuri pa kujaribia hesabu na mantiki, na mwenye kupatumia kwa hayo hana lawama. Lakini mwenye kutoka humo akadai kwamba amejaribu kiolesura, yaani kitu ambacho asili yake ni kuonekana na kuguswa, amedai jambo ambalo mahali penyewe hapawezi kumshuhudia.

Nina mfano wa hilo, nao haukuhitaji mapacha. Katika orodha ya miamala tulikuwa na kijenzi kidogo cha kuonyesha aina ya muamala, neno moja ndani ya kibandiko chenye upana maalumu, na neno likizidi, lilikatwa na kumaliziwa kwa nukta tatu, kama ilivyo ada. Kwa maneno ya Kiingereza tuliyojaribia, hakuna lililokatwa. Mfumo ukatafsiriwa. Mwenye simu ndogo, ambayo ndiyo simu ya wanachama wetu walio wengi, akawa akifungua orodha yake anaona "Umetumi…", na mbele yake shilingi 50,000. Sasa katika lugha hii yetu, aliyetumiwa fedha na aliyetumia fedha hutengana katika silabi ya mwisho, na silabi ya mwisho ndiyo hasa iliyotupwa. Mwanachama hakujua kama amepokea au amepoteza. Jaribio la kijenzi lilikuwa likiuliza kama neno lote limo ndani ya kibandiko, na mazingira ya kuigiza, ambayo hayana upana wa kukatia chochote, yakajibu kwa uaminifu kwamba limo.

Kuhusu yale majaribio ya kunakili, sina maneno mengi. Jest, chombo kilichotoka Facebook, kilipoleta desturi hiyo mwaka 2016, ungalidhani uvumbuzi wa binadamu umetimia, kwa shangwe zilizopigwa. Kumbe kilicholetwa ni hiki: mashine hunakili umbo la kijenzi kama lilivyo leo, na kesho hulinganisha, na likibadilika hupiga kelele. Kelele hizo hunyamazishwa kwa kubonyeza herufi moja tu ya kibodi, nami nimeona kwa macho yangu kijana akizinyamazisha kelele za vijenzi vyote kwa pigo moja huku akizungumza kwenye simu. Jaribio ambalo jibu lake sahihi ni lolote lililoko sasa, halijui usahihi ni nini.

Na kile kipimo cha mistari ya msimbo iliyopitiwa na majaribio, ambacho wakuu wa miradi hukitaka kifike mia kwa mia na kukitia katika ripoti zao, ni hesabu ya hatua za mlinzi. Kinatwambia kwamba usiku wa jana mlinzi aliipita milango yote ya soko; kama aliusukuma hata mmoja kuona kwamba umefungwa, kipimo hakisemi.

Hapa mshindani wangu atasema kwamba nimeshika makosa ya wanyonge, na kwamba maktaba kubwa zilizoundwa na mamia ya mafundi na kutumiwa na maelfu ya makampuni haziwezi kufananishwa na karakana yetu. Basi na tuiendee iliyo kubwa. Ant Design ni maktaba ya vijenzi iliyotoka kwa wahandisi wa Ant Financial huko China, na kwa wingi wa watumiaji ni miongoni mwa zilizotangulia duniani. Asubuhi ya tarehe 25 Desemba 2018, watu waliofungua mifumo yao ya kazi, ambayo jana yake ilikuwa salama na ambayo hakuna aliyeigusa, walikuta vitufe vimeangukiwa na theluji juu, na mshale ukiegeshwa juu ya kitufe hutokea maneno "Ho Ho Ho!". Mmoja wa watunzaji alikuwa ameuficha mzaha huo wa Krismasi ndani ya kijenzi cha kitufe miezi kadhaa kabla, ukingoja tarehe yake. Mafundi walihojiwa na waajiri wao juu ya theluji wasiyoitia wala kuijua. Mzaha ulikuwamo katika matoleo yaliyopita majaribio, kwa sababu majaribio hayo yaliendeshwa katika siku zisizo za Krismasi na watu waliokijua kitufe chao kuwa ni kitufe. Wala sikitaji kisa hiki ili kumsuta aliyefanya mzaha, aliyekwisha kuomba radhi. Nakitaja kwa sababu kinaonyesha uzito wa boriti. Fundi mmoja alitabasamu karakanani, na dari la nyumba za watu wasiohesabika likadondosha theluji.

Turudi kwetu, maana hapa ndipo hoja yangu ilipo na mizizi mirefu. Vijenzi tunavyovitumia Afrika Mashariki aghalabu vimeundwa na watu wasiowahi kusikia Kiswahili, na vile tunavyoviunda wenyewe huundwa na Waswahili wanaofikiri Kiingereza wakati wa kazi. Natija ni moja. Itazame kalenda. Kijenzi cha kalenda huwa na safu saba, na juu ya kila safu herufi ya kwanza ya siku, desturi ambayo kwa lugha nyingine hupita bila matata makubwa. Iandike kwa Kiswahili kuanzia Jumamosi, utapata J, J, J, J, J, A, I. Mwenye kuona aibu huongeza herufi ziwe tatu: Jum, Jum, Jum, Jum, Jum, Alh, Iju. Hapana jaribio lolote katika dunia litakalogeuka jekundu kwa ajili ya safu tano zenye jina moja, kwa kuwa mashine iliulizwa kama kila safu ina kichwa, na kila safu inacho. Lakini mpe kalenda hiyo karani anayetaka kumwandikia mgonjwa siku ya kurudi kliniki, umtazame kidole chake kinavyosita hewani, kisha kinavyohesabu kuanzia Ijumaa kurudi nyuma. Hapo utakuwa umejaribu kalenda.

Au litazame jedwali. Majedwali ya siku hizi humruhusu mtu kuchagua safu kadhaa, kisha humtangazia idadi ya alizozichagua, na tangazo hilo huwa limeshonewa ndani ya kijenzi chenyewe, tarakimu na kitenzi. Sisi tulilitafsiri tangazo hilo "zimechaguliwa", kwa sababu jedwali la kwanza tulilolifikiria lilikuwa la fomu. Kesho yake jedwali likatumika kwa wanachama, likatangaza kwamba wanachama 3 zimechaguliwa, likawahesabu watu wazima pamoja na makaratasi. Mikopo ilitaka "imechaguliwa", vyama "vimechaguliwa", majina "yamechaguliwa". Ngeli haikubali kuwekewa sentensi tayari na mtu asiyejua nomino itakayokuja. Mmoja wetu alipendekeza swichi ya ngeli, na ninakiri kwamba pendekezo hilo lilijadiliwa kwa dakika nyingi kuliko lilivyostahili, kabla mwanamke mmoja aliyekuwa akitafsiri mfumo, wala hakuwa mwandishi wa programu, hajatuambia kwamba tungeandika "Idadi iliyochaguliwa: 3" na kwenda kula. Tulifanya vyote viwili.

Hayo si matatizo ya tafsiri tu, kama wanavyopenda kuyaita wale wanaotaka kuyahamishia katika idara nyingine. Mtu asiyeona, anayeisikiliza simu yake kupitia kisoma skrini, hukutana kila siku na kitufe kilichoundwa kwa kisanduku kitupu kilichopakwa rangi: machoni ni kitufe kamili, kinabonyezeka kwa kipanya, lakini kwa kibodi hakifikiki, na kwa kisoma skrini hakitajwi kuwa ni kitufe. Kijenzi hicho hupita majaribio kwa sababu jaribio hukitafuta kwa jina la siri alilolijua mtengenezaji, kisha hukitumia tendo la kubonyeza moja kwa moja, kama mtu anayeingia nyumbani kwake gizani. Wapo waliotanabahi. Kent C. Dodds, aliyetoa chombo cha majaribio cha Testing Library mwaka 2018, huhimiza kwamba jaribio likitafute kitufe kwa kile ambacho mtumiaji hukipata, yaani kuwa kwake kitufe na maneno yaliyo juu yake. Na nadhani hilo pekee limefichua mabovu mengi kuliko ripoti zote za mistari iliyopitiwa. Hata hivyo ni jaribio la mtu anayejua jibu, na anajua pia kwamba kitufe kipo.

Nasikia tayari hoja ya gharama: kwamba kumngoja mtu baki ni kuchelewa, na kwamba mashine hujaribu kwa nusu dakika. Ni kweli mashine ni rahisi, nami sishauri izimwe. Ninachoshauri ni kugeuza mwendo. Kijenzi kisianzie maktabani kikishuka kwenda kutafuta kazi. Kianzie kazini, katika fomu moja ya mtu mmoja mwenye haja moja, na kipandishwe maktabani baada ya kuonekana kimetakiwa mahali pa tatu, na mahali hapo patatu pasiwe pamoja. Kanuni hii ya mara tatu si yangu. Martin Fowler aliieneza katika kitabu chake Refactoring cha mwaka 1999, akaitaja kuwa ya Don Roberts, na watu wa fani wote huijua na karibu wote huiruka. Na jaribio la kijenzi liandikwe na yule anayekitumia, si aliyekiunda, na liandikwe kwa majina ya kweli ya watu wetu, kwa nambari zenye urefu wa kweli, katika kivinjari cha kweli kilichobanwa mpaka kikalingana na simu ya sokoni, kwa maneno ya lugha itakayosomwa. Kisha mara moja kwa kila toleo, fundi atoke akakae nyuma ya karani bila kusema neno, jambo ambalo kwa tabia za mafundi ndilo gumu kuliko yote niliyoyataja.

Maktaba yetu imepungua tangu hapo. Vijenzi ambavyo havikuwa na mtumiaji ila sisi wenyewe tulivitoa, na kitufe chenye swichi nyingi tulikipasua vikawa vitufe vinne visivyo na swichi, kila kimoja kikijua kazi yake. Kisanduku cha Nambari nacho tulikivunja: kimoja kikawa Kisanduku cha Kiasi, kinachohesabu, cha pili Kisanduku cha Utambulisho, ambacho hakihesabu chochote, hupokea tarakimu kama maandishi na kuzitunza kama zilivyokuja, na sifuri zake za mwanzo, na tarakimu zake zote 20. Mwenzangu mmoja, ambaye katika ufundi ni hodari kuliko mimi, hajaridhika mpaka leo. Kila akiipitia maktaba huniletea visanduku hivyo viwili katika skrini moja, kimoja kushoto na kimoja kulia, akanionyesha kwamba mpaka ni ule ule, rangi ni ile ile, karibu kila mstari wa msimbo ni ule ule, na kwamba tumevunja kanuni kwa kuwa na vijenzi viwili vinavyofanana hivyo. Nami humjibu kwamba ndiyo, vinafanana sana, kama Kulwa na Doto.